Jamani, mtu anabatizwa mara ngapi?

Mhariri, naomba nafasi nimjibu yule msomaji aliyeandika juzi kwamba Wakatoliki hawajaokoka sababu walimwagiwa maji wakiwa wachanga hawajui hata kushoto na kulia. Sitaki ugomvi, ila hili limenikuta mimi mwenyewe, tena msibani.

Mama mdogo wangu alibatizwa Katoliki kule Kilema akiwa mtoto, akapata komunyo, kipaimara, ndoa, kila kitu, halafu uzeeni akafuatana na jirani kwenye kanisa moja huku mjini wakamwambia ule wa utotoni haukuwa ubatizo, wakamzamisha upya maji mengi. Sawa, mtu mzima na akili zake. Balaa lilikuja alipofariki, hawa wanasema marehemu aliokoka rozari haimhusu, wale wanataka padre, watu wanabishana mlangoni jeneza liko sebuleni na jikoni ndizi zinaungua hakuna anayejali. Mwisho baba mkubwa akachoka akasema mchungaji ataomba hapa nyumbani, katekista ataongoza kaburini, asiyetaka arudi kwake.

Baada ya hapo ndo nikaanza kusomasoma, kumbe ugomvi huu ni wa zamani mno na ulipamba moto hapahapa Afrika. Askofu Sipriani wa Karthago, ndo Tunisia ya leo, alishikilia kwamba aliyebatizwa na wazushi, yaani Wakristo waliojitenga na mafundisho ya kanisa, akija kanisani abatizwe upya, na mwaka 256 maaskofu 87 wakakaa naye wakamuunga mkono, lakini Papa Stefano kule Roma akagoma, yeye alisema huyo awekewe mikono tu basi. Msimamo wa Roma ndo uliodumu. Ndo maana mpaka leo Mlutheri akija kwetu Wakatoliki habatizwi tena, ilimradi yalitumika maji na jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Mke wangu alikuja toka Machame na cheti chake cha Kilutheri, paroko akakisoma, akampangia mafundisho, hakuna aliyegusa ndoo ya maji.

Na sio wingi wa maji jamani. Wamormoni wanazamisha mtu mwili mzima, na bado mwaka 2001 Vatikani ilisema ubatizo wao haukubaliki, kwa sababu wakitaja Utatu hawamaanishi kile tunachomaanisha sisi. Nakubali hata sisi tuna ukali wetu, 2020 Roma ilikataa ubatizo wa waliosema "sisi tunakubatiza" badala ya "mimi nakubatiza", basi padre mmoja wa Detroit, Marekani, akaenda kuangalia video ya ubatizo wake wa utotoni akakuta shemasi alisema "sisi", ikabidi abatizwe na apewe upadre upya! Nilicheka, halafu nikaogopa.

Kuhusu wokovu, kila siku tunasomewa Waefeso 2:8, ule mstari wa kuokolewa kwa neema, utadhani kwenye Biblia zetu ukurasa huo umechanwa. Mtaguso wa Trento, ule mkutano mkuu wa maaskofu wetu, ulishasema mwaka 1547 kwamba hakuna kinachotangulia, iwe imani iwe matendo, kinachomstahilisha mtu kupata neema ya kuhesabiwa haki, yaani kupokelewa na Mungu kama mwenye haki. Na tarehe 31 Oktoba 1999 kule Augsburg, Ujerumani, Wakatoliki na Walutheri walisaini tamko la pamoja kwamba tunapokelewa na Mungu kwa neema tu, Wamethodisti nao wakaingia 2006. Haimaanishi yameisha, toharani na Papa na Bikira Maria bado tutabishana sana, ila hilo la kwamba Mkatoliki ananunua mbingu kwa matendo liachwe.

Pale msomaji yule anapotubana kweli ni kwa watoto wachanga. Matendo 16:33 inasema askari wa gereza alibatizwa yeye na watu wake wote, ila umri wao haukuandikwa, kwa hiyo mstari huo haummalizi mtu kwenye mabishano. Na sisi wenyewe tunaharibu, mzazi anahudhuria semina kwa kulazimishwa, msimamizi anachaguliwa kwa kuangalia zawadi, mtoto akishabatizwa haonekani mpaka kipaimara, sasa huyo akikutana na mhubiri stendi atamjibu nini?

Ila naye msomaji mwenzangu anijibu hili. Muumini wake aliyezamishwa ukubwani kwa hiari yake akianguka dhambini miaka kumi halafu akarudi analia, wanamzamisha tena? Kama hawamzamishi, kwa nini mama mdogo wangu walimzamisha?

Msomaji wenu,
Moshi