Kwa wanangu mnaosubiri kuapishwa uwakili

Wanangu,

Wiki iliyopita nilikaa benchi la nyuma mahakamani, nikamtazama kijana niliyemlea katika kazi hii akishinda kesi. Mjane alikuwa anapinga kutolewa kwenye nyumba aliyoijenga na marehemu mumewe. Rufaa yake ilichelewa siku nne. Kijana, aliyesimamia upande wa pili, akaweka pingamizi la awali, yaani hoja ya kuzima kesi kabla haijasikilizwa, rufaa ikatupwa, na suala la nyumba ni ya nani halikuguswa kabisa. Sina ugomvi na pingamizi lenyewe. Sheria ya ukomo wa muda ipo na mteja wake alikuwa na haki ya kuitumia. Kilichonikera ni jioni yake. Alituma picha yuko na tai mpya, "ushindi mtamu", nanyi mkapanga foleni: hongera wakili msomi, hongera wakili msomi. Siku mbili baadaye dalali wa mahakama alikuwa anatoa masufuria ya yule mama barabarani.

Usiku ule nilimkumbuka Thaddeus Stevens, wakili wa Pennsylvania, Marekani. Alizaliwa Vermont mwaka 1792 na mguu mlemavu, akalelewa kwa jasho la mama yake, Sarah. Mwaka 1821, akiwa na ofisi mjini Gettysburg, alimtetea mwenye watumwa wa Maryland dhidi ya mama mmoja aitwaye Charity Butler. Sheria ya Pennsylvania ilisema mtumwa akiletwa na kukaa humo miezi sita anakuwa huru. Charity alikuwa ameletwa mara kwa mara, na siku zake zikijumlishwa zinavuka miezi sita. Stevens akajenga hoja kwamba miezi hiyo lazima ifuatane bila kukatika. Mahakama ikamkubalia. Charity akarudishwa utumwani, yeye na watoto wake wawili.

Hesabu ya siku, wanangu! Siku zilezile tunazozihesabu sisi.

Tazameni alivyoishi baada ya hapo. Aliwatetea waliotoroka utumwa, mara nyingi bila kudai shilingi. Mwaka 1851 watu wa Christiana, kijiji cha Pennsylvania, walipowazuia wawindaji wa watumwa na mmiliki mmoja akauawa, washtakiwa wa uhaini walimkuta Stevens miongoni mwa mawakili wao. Kabla ya hapo, mwaka 1838, alikataa kutia saini katiba mpya ya jimbo kwa kuwa iliwanyang'anya kura wanaume weusi. Katika bunge la jimbo, alikokuwa mbunge, pia alisimama. Sheria ya shule za umma ya 1834 ilichukiwa kwa sababu ya kodi, Seneti ya jimbo ikapiga kura kuifuta, na wapiga kura wake mwenyewe walitaka ifutwe. Tarehe 11 Aprili 1835 aliitetea kwa hotuba, na ikabaki. Alipofariki mwaka 1868 alizikwa Lancaster, katika makaburi aliyoyachagua kwa sababu hayakubagua maiti kwa rangi.

Lakini Charity hakurudishiwa uhuru kwa hayo yote. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Mengine mnayajua: someni jalada mara mbili, fedha za mteja msizichanganye na zenu, fikeni kabla ya hakimu. Na sisi wazee tuna deni. Tumewafundisha kwa miaka kwamba wakili mzuri huonekana kwa gari lake. Kwenye harusi tunamwita mbele mwenye gari, na anayemtetea mjane bure tunamwita mzembe wa kutafuta. Mmejifunza tulichowaonyesha.

Yule mama yuko kwa dada yake. Nimempata wakili wa kumwombea kuongezewa muda wa rufaa, maana alichelewa akiwa amelazwa na vyeti vya hospitali anavyo. Kiapo chake cha kuunga mkono ombi hilo bado hakijaandikwa. Nahitaji wawili wenu Jumatatu saa mbili asubuhi, ofisini kwangu. Malipo hakuna. Nauli nitatoa mimi.