Matamshi ya mtoto yapimwe kwa subira

Mhariri,

Naomba nafasi nieleze jambo linaloniuma kila ninapomwona mtoto wa miaka 3 akiambiwa ana kasoro ya kusema kwa sababu tu ametamka “langi” badala ya “rangi”. Sauti hazikomai kwa pamoja: p, b na m hutangulia, ilhali r, th na dh huweza kuchelewa hadi baada ya miaka 5 bila mtoto kuwa na tatizo.

Mpimaji makini huanza na masikio, kwa kuwa mtoto hawezi kuiga asichokisikia. Kisha humwonyesha picha azitaje mwenyewe, na, jambo ambalo wengi huliruka, humwacha acheze huku akizungumza, maana anayetamka “kikombe” sawasawa mbele ya picha huweza kusema “titombe” akinogewa na mchezo. Apimwe kwa lugha anayoizungumza nyumbani.

Hata hivyo, mtoto wa miaka 4 ambaye wageni hawamwelewi asiachwe kwa matumaini kwamba atajirekebisha. Apelekwe mapema kwa mtaalamu wa matamshi.

Mwalimu wa chekechea