Kantangaze sio inzi, tuangalie jani kabla ya kupuliza

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi. Naandika kutoka Ilula, Iringa, nalima nyanya, na naomba nafasi kwenye gazeti lako nilisemee jambo moja tu, hiki kidudu tunachokiita kantangaze ambacho wataalamu wanakiita Tuta absoluta. Watu wanapuliza sumu usiku na mchana wakati hawajakitambua bado.

Msimu uliopita nilikata jani lenye michoro myeupe nikalipeleka duka la pembejeo, muuzaji akalitupia jicho mara moja akasema huyo ni inzi wa majani chukua hii, nikachukua, nikapuliza wiki tatu, na robo eka yangu ikaungua kama imepitiwa na moto. Simlaumu sana maana hata mimi sikujua, ila hela imeenda na matenga yamebaki matupu.

Sasa jamani tofauti ipo na inaonekana kwa macho. Inzi anaacha mstari mwembamba unaopinda pinda kama nyoka juu ya jani. Kantangaze anaweza kuanza na kamstari hivo hivo, ila akikua anachimba eneo pana, anakula nyama yote ya katikati anaacha ngozi ya juu na ya chini tu, kwahiyo unaona kama baka jeupe linaloangaza, alafu linakauka linakuwa rangi ya kahawia. Chukua hilo jani ulielekeze juani, ndani utaona uchafu mweusi umerundikana sehemu moja na kiwavi mwenyewe anasogea. Mimi nilichana baka kwa mwiba wa mchongoma nikamtoa kiganjani, alikuwa kama milimita 7 hivi, kijani, mgongoni ameanza uwekundu kidogo, na nyuma tu ya kichwa ana kamstari keusi kama kola ya shati iliyokatika katikati. Ana kichwa na ana miguu. Mtoto wa inzi hana miguu wala kichwa cha kueleweka, ni funza tu. Hapo ndo unamaliza ubishi.

Mzazi wake ni nondo, mdogo sana, hafiki hata sentimita moja, rangi ya kijivu cha fedha na vidoti vyeusi kwenye mabawa. Mchana anajificha kwenye majani ndo maana wengi hawajawahi kumuona, anaruka usiku. Jike mmoja anaweza kutaga mpaka mayai 260, mengi chini ya majani. Kiwavi anajivua mara kadhaa, akishiba wengi wanashuka kwenye udongo wanakuwa pupa, yani hatua ya kati kabla ya kuwa nondo, na kukiwa na joto ndani ya mwezi mmoja hivi kizazi kipya kinaruka. Kwenye tunda anatoboa katundu kama ka sindano mara nyingi karibu na kikonyo, tofauti na yule kiwavi mkubwa anayetoboa tundu la kuingiza kidole.

Na shambani wote wanakuwepo kwa pamoja, mayai, viwavi, pupa na nondo, yani ukipuliza leo ukaua waliopo nje, waliomo ndani ya jani dawa ya kugusa haiwafikii, na wa ardhini ndo kabisa. Wiki ijayo unarudi, unaongeza dozi, unachanganya dawa tatu kwenye bomba moja, na mara nyingi majina kwenye chupa ni tofauti ila kiambato ndani ni kile kile, mdudu anazoea. Hii inaniuma kwasababu nyanya hizo tunakula sisi na watoto wetu.

Asili yake ni Amerika Kusini, mwaka 2006 akaonekana Hispania, akashuka Afrika, na 2014 akaripotiwa Kenya na hapa kwetu. Nasikia ICIPE, kile kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, walileta kanyigu kutoka Peru kanakotaga ndani ya kiwavi huyu kakamla, hiyo ni habari ambayo natamani mwandishi wako aifuatilie vizuri atuambie imefikia wapi.

Ombi langu kwako Mhariri ni picha, za rangi, kubwa, kwenye ukurasa wa kilimo: jani la inzi na jani la kantangaze yakae pamoja, na kile kiwavi na kola yake. Mtu akate abandike dukani. Na muandike pia kwamba mabaki ya mimea ya nyanya yafukiwe au yachomwe, mnavu uliojiotea pembeni ung'olewe maana anaishi humo, na bilinganya na viazi navyo anakula.

Mimi saivi miche yangu iko kitaluni chini ya chandarua na pembeni nimetundika mtego wa harufu ya jike, unanasa madume. Jana alfajiri nimehesabu wanne, juzi alikuwa mmoja, kwahiyo kuanzia leo nageuza majani kila asubuhi.

Mkulima wa nyanya,
Ilula, Iringa