Mazoezi na kifafa: mashambulizi yalihesabiwaje?

Mhariri,

Habari za kwamba mazoezi hupunguza kifafa zinatia moyo, ila nyingi huruka swali moja: mashambulizi yalihesabiwaje, na nani?

Chukua utafiti wa Norway wa mwaka 1994. Wanawake 15 ambao dawa zilikuwa zimeshindwa kuwatuliza walifanya mazoezi dakika 60, mara mbili kwa wiki, kwa wiki 15. Mashambulizi yalipungua. Lakini waliyahesabu wenyewe, na aliyepoteza fahamu hawezi kuandika daftarini asichokikumbuka. Kwenye wodi zenye kamera na kipimo cha umeme wa ubongo, imeonekana kwamba wagonjwa huacha kuripoti takriban nusu ya mashambulizi, hasa ya usingizini. Tena watu huingia utafitini hali inapokuwa mbaya. Baadhi wangepata nafuu hata bila zoezi lolote. Kwa hiyo kuhesabu wiki nane kabla ya kuanza si anasa. Liwepo pia kundi la kulinganisha, la kunyoosha viungo tu, na anayesoma rekodi asijue nani yuko kundi lipi.

Kifaa kinachovaliwa mkononi kama saa husaidia, kwa mipaka. Hupima mtikisiko wa mkono, na vingine hupima pia jasho na mapigo ya moyo, kisha hupiga kengele vikihisi shambulio. Hunasa vizuri shambulio la kukakamaa na kutetemeka mwili mzima. La kuduwaa sekunde kumi hukipita. Mazoezini ndiko kinakodanganyika zaidi: kuruka kamba hufanana na kutetemeka, moyo tayari unaenda mbio, ngozi imelowa. Mshiriki akizima kengele kwa kuchoshwa nayo, data ya saa hiyo imekwenda. Heri abonyeze kitufe zoezi linapoanza na linapoisha, ili kengele za muda huo zikaguliwe kando, zisifutwe.

Elektrodi za kichwani, yaani vibandiko vinavyonasa umeme wa ubongo, nazo huyumba kwa jasho, na mkazo wa taya huchora kwenye rekodi miiba ambayo asiye mzoefu ataiita kifafa.

Kuna hofu moja tungependa ipumzike. Kliniki humtaka mgonjwa aheme kwa nguvu dakika 3 hadi 5 ili kuchokoza shambulio, na watu hudhani kukimbia ni kulekule. Sivyo. Anayehema ameketi hupunguza kabonidioksidi kwenye damu. Anayekimbia, misuli yake inaitengeneza kwa wingi, na kuhema kunaitoa ile ya ziada tu.

Kinachosahaulika mno kwenye fomu ni vitu vidogo: saa ya dozi ya mwisho, na saa alizolala mshiriki usiku uliotangulia. Kidonge kilichorukwa au usiku wa kukesha vinaweza kuleta shambulio, kisha likasingiziwa zoezi la asubuhi.

Wahudumu wa vipimo vya ubongo