Ndugu Wawili wa Sham

Tanga, Jumapili jioni

Kwako ndugu yangu Salim,

Assalam alaykum. Natumai u mzima, wewe na shemeji na watoto. Sisi huku hatujambo, alhamdulillah.

Umeniuliza iliwezekanaje Wafaranki, wapiganaji Wakristo kutoka Ulaya waliofika Sham (Syria na jirani zake) wamechoka na wana njaa mpaka wakala farasi wao, kuiteka Quds (Yerusalemu) tarehe 15 Julai 1099. Kisha ukajijibu mwenyewe: Waislamu walikosa umoja. Nakubali nusu. Ukisema hivyo, mtu atadhani umoja ulikuwepo, ukavunjika adui alipotokea. Haukuwepo, Salim. Ule ulikuwa ugomvi wa nyumba moja, na ulianza kabla Mfaranki hajafunga mizigo.

Sultani Malik Shah wa Waturuki Waseljuki alifariki 1092, jamaa zake wakagombea kiti. Nduguye Tutush, mtawala wa Sham, akaenda kupigana na Berkyaruq, mtoto wa ndugu yake huyo huyo, akauawa 1095. Mwanawe Ridwan akashika Halab (Aleppo) na kuwaua wadogo zake wawili. Mwingine, Duqaq, akamponyoka, akakimbilia Dameski akatawala huko. Mwaka uliofuata Ridwan akamfuata kwa jeshi, asimuweze.

Sasa fikiri wewe ndiye Ridwan. Unaletewa habari kwamba Antiokia, mji wa kaskazini mwa Sham, imezingirwa na Wafaranki. Ukitoka na askari wako, Halab unamwachia nani? Mfaranki yuko mbali kidogo, lakini ndugu yako anakujua mpaka chumba unacholala.

Ndiyo maana Duqaq alikwenda peke yake Desemba 1097, akapigana, akarudi. Ridwan akaenda Februari, Duqaq akiwa keshakwenda zake, naye akapigwa. Juni akaja Kerbogha, amiri Mturuki wa Mosul, na jeshi kubwa. Duqaq yumo, Ridwan hayumo. Akakuta mji umeshatekwa siku chache nyuma, akawazingira Wafaranki humo humo ndani. Hapo ndipo wangemalizwa. Lakini walipotoka kupigana tarehe 28, maamiri wake wakaanza kuondoka uwanjani, Duqaq akiwa miongoni mwao. Kiburi cha Kerbogha kilikuwa kimewachosha, na walihofu akishinda ataimeza Sham yote. Nani angempigania bwana wake wa kesho?

Anayenishangaza zaidi ni al-Afdal, waziri wa Misri. Kwake yeye adui alikuwa Mturuki, na dola yake ya Kishia ilikuwa na kisasi naye cha miaka mingi. Akapeleka wajumbe kambini kwa Wafaranki, pale pale Antiokia, wazungumze mapatano. Na wakati Waturuki wanashughulika kaskazini, yeye akaivamia Quds mwaka 1098, akawanyang'anya wana wa Artuq, maamiri wa Kituruki walioushika mji. Hakukaa nayo hata mwaka. Wahenga wanasema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Hawa walipatana lini, hata jembe lirudishwe?

Na usidhani upande wa pili walikuwa malaika. Mwaka 1108, karibu na Tell Bashir, Tancred wa Antiokia alipigana na Baldwin wa Edessa, Wakristo kwa Wakristo. Pembeni ya Tancred walikuwepo wapanda farasi wa Ridwan. Pembeni ya Baldwin alikuwepo Jawali, amiri Mturuki. Kufikia hapo Mfaranki alikuwa mtawala mmoja zaidi wa Sham, mwenye majirani wa kuungana nao na wa kuwachukia, kama wenzake.

Miaka mitatu baadaye jeshi la sultani wa Waseljuki likaja chini ya Mawdud wa Mosul, kuja kuwapiga Wafaranki. Ridwan akafunga milango ya Halab, akawashika wakubwa wa mji rehani ili raia wasije wakaifungua. Ukitaka kumlaani, mlaani, sitakuzuia. Ila alikufa 1113 akiwa bado mfalme wa Halab, na nadhani hilo ndilo pekee alilokuwa akilitafuta tangu mwanzo.

Habari za Mawdud na kisu kilichomkuta Dameski ni ndefu, nitakuandikia nikijaaliwa. Nisalimie wote hapo nyumbani, na shemeji mwambie kahawa yake imefika salama.

Wasalaam,
Nduguyo Athumani