Risala ya Klabu ya Jiografia na Kompyuta kwa Mgeni wa Heshima: Mashine za Akili Unde Ziwekwe Wapi?

Mheshimiwa mgeni wetu wa heshima,
Mwalimu Mkuu,
Mwenyekiti na wanachama wa Bodi ya Usimamizi,
Walimu wetu, wazazi wetu na wanafunzi wenzetu,
Hamjambo?

Itifaki yote ikizingatiwa, tunakukaribisha nyumbani, Mhandisi. Tunasema nyumbani kwa sababu Mwalimu wetu wa Jiografia ametufichulia kwamba hapa ulikuwa ukikalia dawati la nyuma, kando ya dirisha linaloelekea mlima wa Menengai, na kwamba ulimsumbua sana kwa swali moja: ule mvuke wa asubuhi unatoka wapi? Leo wewe ndiwe unayeulizwa, maana umefanya kazi kwenye visima vya mvuke miaka mingi. Mwalimu anasema hana kinyongo.

Klabu yetu ina wanachama 34 na hukutana kila Jumatano baada ya vipindi. Muhula huu tulipewa ramani kubwa ya Kenya na pini moja, tukaambiwa: chomeni mahali ambapo ninyi mngejenga kituo cha data cha akili unde, yaani AI. Tulidhani ni kazi ya Jumatano moja. Imetumaliza muhula mzima.

Mheshimiwa, kabla hatujafika kwenye ramani, turuhusu tukusimulie habari ya stoo ya mahindi.

Mwaka jana shule ilipata kompyuta 20 zilizotumika pamoja na seva moja. Chumba pekee kilichokuwa wazi ni ile stoo iliyopakana na jiko. Ilichaguliwa kwa sababu mbili: iko karibu na mita ya stima, na ina mlango wa chuma. Zote mbili ni sababu nzuri, hatumlaumu mtu. Ila hakuna aliyeuliza ukuta ule una nini upande wa pili. Upande wa pili kuna meko ya githeri. Kufikia saa tano, ukiweka kiganja ukutani unakiondoa mwenyewe bila kuambiwa. Juu ni mabati, dari hakuna. Mwezi wa Februari seva ilikuwa ikijizima saa sita na robo kila siku, hata wapishi wakaanza kuitumia kama kengele ya kupakua. Tukaleta feni. Feni ikazungusha hewa ile ile ya moto pamoja na vumbi la mahindi. Tulipoifungua seva tulikuta vumbi jeupe limegandamana kwenye mapezi yake kama uji uliokaukia sufuriani.

Mwishowe tuliihamishia nyuma ya maktaba, chini ya kivuli cha mjakaranda. Tangu hapo haijajizima. Lakini ilibidi kuvuta waya mpya kutoka kwenye mita hadi huko, na gharama ya waya ilizidi bei ya seva yenyewe. Shule ilikilipia chumba kimoja mara mbili.

Kituo cha data ni stoo hiyo hiyo iliyokuzwa. Badala ya seva moja kuna maelfu, kwenye makabati yaliyopangwa safu kwa safu. Kabati moja la chipu za kisasa za Nvidia zinazotumika kwa akili unde huweza kuvuta takriban kilowati 120. Tulipiga hesabu: ni sawa na kuwasha birika 60 za umeme kwa pamoja, zisizimwe usiku wala mchana, Krismasi wala Idi. Na karibu umeme wote unaoingia hutoka ukiwa joto. Kwa hiyo anayetafuta mahali pa kujenga hutafuta vitu viwili: umeme usiokatika, na namna ya kuliondoa hilo joto. Mengine yote yanakuja nyuma ya hayo.

Tulichora kila jambo kwenye karatasi yake ya kufuatishia, kisha tukazipandanisha juu ya ramani na kuzishikilia dirishani ili mwanga upenye. Karatasi ya faiba, zile nyaya za kioo zinazobeba intaneti, haikutupa taabu. Kebo za baharini zimekuwa zikitua Mombasa tangu 2009, na mwanga ndani ya faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka pwani hadi Naivasha ni milisekunde tatu hivi. Hujafumba jicho, habari imekwisha kwenda na kurudi. Tena tulijifunza kwamba kazi ya kuifundisha akili unde, ambayo huchukua wiki nyingi, haijali mtumiaji yuko mbali kiasi gani. Kazi ya kumjibu ndiyo inayojali, nayo kwa kiasi tu.

Karatasi ya umeme ndiyo iliyotukalisha. Kila mstari ulikuwa ukituvuta nyumbani, kaunti hii yetu ya Nakuru. Olkaria, karibu na Naivasha, imekuwa ikizalisha umeme wa jotoardhi, yaani wa mvuke wa chini ya ardhi, tangu 1981, ilipoanza na mtambo mmoja wa megawati 15. Hapa Menengai mtambo wa megawati 35 ulianza kazi 2023. Suswa, jirani zetu, ndiko inakofika laini ya umeme wa upepo kutoka Loiyangalani na ile kubwa kutoka Ethiopia. Na mvuke una sifa ambayo jua na upepo hazina: haulali. Wakati Wakenya wamelala na matumizi yameshuka, kisima bado kinapumua, na mara nyingine mitambo hulazimika kupunguza uzalishaji kwa kukosa mnunuzi. Mashine za akili unde hazina usiku. Ukilitazama hivyo, unaona ni bibi na bwana.

Ndiyo maana hatukushangaa tuliposoma kwamba Mei 2024, Rais Ruto alipokuwa ziarani Marekani, Microsoft na kampuni ya G42 ya Abu Dhabi zilitangaza mpango wa dola bilioni moja ambao ndani yake kulikuwa na kituo cha data Olkaria, kitakachotumia jotoardhi. Kituo kingeanza na megawati 100 na huenda kikakua hadi 1,000.

Hapo mwanachama mmoja wa Kidato cha Pili, ambaye kwa kawaida hazungumzi, aliinua mkono akauliza: nchi nzima hutumia ngapi? Tukatafuta. Mwaka 2025 matumizi ya Kenya nzima, jioni pale kila mtu amewasha taa, yalipita megawati 2,300. Basi megawati 100 si haba, lakini zinabebeka. Megawati 1,000 ni zaidi ya thuluthi moja ya nchi nzima kwa mteja mmoja. Na jioni hizo hizo kuna sehemu za magharibi ambako stima hupunguzwa kwa zamu kwa sababu haitoshi. Wengi wetu tuna shangazi huko. Tunakumbuka pia tarehe 25 Agosti 2023, giza lilipoifunika karibu nchi yote. Ireland ni nchi tajiri, lakini kufikia 2023 vituo vya data vilikuwa vikitumia asilimia 21 ya umeme wake wote uliopimwa, na karibu na Dublin vituo vipya vilikuwa vimeanza kuzuiwa kuunganishiwa umeme.

Kwa hiyo, Mhandisi, tunapoambiwa kwamba Olkaria ina mvuke wa kutosha, tunaamini. Swali letu ni visima vipi. Vilivyopo, ambavyo tayari vina wateja wake, au vipya vitakavyochimbwa kwa ajili ya kituo hicho? Kwenye karatasi ya kufuatishia visima hivyo viwili vina alama moja. Nyumbani kwa shangazi havifanani kabisa.

Karatasi ya maji ilileta ugomvi, na tunakiri kwamba Jumatano moja Mwalimu wa zamu alikuja kuuliza kuna nini. Wenzetu sita wanaotoka Kisumu na Siaya walishikilia kwamba kituo kiwe Kisumu. Hoja yao: nyinyi watu wa Nakuru mna maziwa ya magadi na Naivasha moja, sisi tuna Victoria. Walitaja mji wa Hamina nchini Finland, ambako Google waligeuza kiwanda kikuukuu cha karatasi kuwa kituo cha data na sasa wanakipoza kwa maji ya bahari. Kwa nini isiwe Dunga, ufukweni mwa Kisumu? Ni hoja nzito. Lakini maji ya Hamina ni ya baridi na hewa yake ni ya baridi. Kisumu iko mita 1,130 tu juu ya usawa wa bahari, na mchana wake unajulikana. Ghuba ya Winam ni ya kina kifupi, maji yake ni vuguvugu, na gugumaji likiamua kufunga ghuba halitazami bomba ni la nani. Hapa kwetu tuko mita 1,850 hivi, na Naivasha ni mji wa kuvaa sweta usiku, kwa hiyo kwa saa nyingi hewa ya nje yenyewe inaweza kusaidia kupoza. Wale sita hawakukubali. Mpaka leo hawajakubali, na wamenisihi niliseme hilo mbele yako.

Namna ya kupoza ndiyo inayoamua. Mashine zikipozwa kwa maji yanayoachwa yawe mvuke, umeme unaokolewa ila maji yanapotelea hewani. Zikipozwa kwa hewa, au kwa maji yanayozunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, maji yanabaki ila umeme unaotumika huwa mwingi zaidi. Waliotangaza mpango wa Olkaria walisema teknolojia yao itahifadhi maji. Tunawapongeza kwa hilo. Lakini lita ngapi kwa siku, kutoka wapi?

Tunauliza kwa sababu ya The Dalles, mji mdogo kando ya Mto Columbia huko Oregon, Marekani. Google walijenga huko 2006 kwa sababu ya umeme nafuu wa maporomoko. Miaka ilipita, gazeti moja likaomba kujua kampuni inatumia maji kiasi gani. Baraza la mji likaenda mahakamani kuzuia takwimu zisitoke, eti ni siri ya biashara. Mwisho wa 2022 likakubali kuzitoa, ikaonekana ni zaidi ya robo ya maji yote ya mji. Hatusemi kampuni ilivunja sheria. Tunasema wakazi waliijua hesabu hiyo wakati majengo yamekwisha kusimama.

Ziwa Naivasha tayari lina wengi wanaolitegemea: mji, mashamba ya maua, wavuvi, viboko, hata uchimbaji wa visima vya Olkaria. Mzazi mmoja aliyeko hapa leo anafanya kazi kwenye greenhouse ya waridi. Alipoona karatasi yetu ya maji aliuliza swali moja tu: "Na sisi mmetuchora wapi?" Hatukuwa tumewachora. Tumewachora sasa.

Karatasi ya ardhi tutaipita haraka. Bonde la Ufa ni Bonde la Ufa. Machi 2018 ardhi ilifunguka karibu na Suswa ikakata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok, na wataalamu wakabishana kama chanzo ni mvua au ni nyufa za chini. Vyovyote iwavyo, mjenzi achimbe kwanza, apime udongo, ndipo amwage saruji.

Karatasi ya mwisho, ya watu, ilitufanya tunyamaze kidogo. Mwaka 2014 familia za Wamaasai zilihamishwa kupisha mradi wa Olkaria IV, zikapelekwa mahali panapoitwa RAPland. Zilipewa nyumba, lakini baadaye zikalalamika juu ya ardhi, hati na barabara, na malalamiko yakafika Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, mpaka upatanisho ukafanywa. Wewe uliwajua wengine wao, Mhandisi, sisi tumesoma tu. Na kituo cha data kina tofauti na shamba la maua: kikishakamilika hakiajiri watu wengi. Wanaojenga ni mamia, wanaobaki ni wachache.

Tulipopiga kura, Olkaria ilipata 17, Menengai 9, Kisumu 6. Wawili walikataa kupiga kura hadi waone hesabu ya maji. Mwanzoni tuliwaona wakaidi. Siku hizi nusu ya klabu iko upande wao.

Mheshimiwa, hakuna risala isiyo na maombi. Tunaomba uzungumze na unaowajua ili wanachama wote 34 wapate siku moja Olkaria, wasimame mbele ya kisima na kuuliza maswali haya kwa wanaojua majibu. Basi tunalo, mafuta ndiyo hatuna. Tunaomba pia, mikutano ya maoni ya umma kuhusu kituo kama hiki itakapoitishwa hapa kaunti, utusaidie tupate nafasi ya kuwasilisha ramani yetu, na utakapokuwa mezani na wakubwa uulize kwa niaba yetu lita ngapi na visima vipi, kabla trekta la kwanza halijafika. Na kwa chumba chetu cha maktaba tunaomba dari, maana Februari inarudi.

Ramani iko ukutani, nyuma ya jukwaa, na karatasi zake zote zimebandikwa juu. Pini iko kwenye kifuniko cha soda hapo mezani. Hatujaichoma. Baada ya chakula tutakuomba uje nasi utuonyeshe, kwa kidole tu, visima ambavyo bado havina wateja ni vipi.

Ahsante sana.

Risala hii imesomwa na katibu wa klabu, kwa niaba ya wanachama.