Kamba kabla ya nyundo

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Sisi wazima, mgongo wangu tu ndio ule ule.

Mama yako ameniambia umeanza kazi na mafundi wa kuezeka. Nilifurahi, kisha usiku usingizi ukanikimbia. Sijawahi kukusimulia vizuri nilivyoanguka. Ulikuwa mdogo, na ulipokua sikuona haja.

Lilikuwa paa la mita 3 tu. Kazi ilikuwa imekwisha, imebaki misumari minne ya kofia, lile bati la kufunika kilele cha paa. Mkanda wa usalama nilikuwa nimeuvaa, umebana mapajani, lakini kamba yake niliizungusha kiunoni isinisumbue. Dakika mbili tu, nikajisemea. Bati lilikuwa na umande. Mguu mmoja ukateleza, wa pili ukakanyaga bati la plastiki la kuingiza mwanga, likapasuka. Mita 3 kufika sakafuni hazimalizi sekunde 1. Hata kelele sikupiga. Nakumbuka misumari niliyoibana midomoni, na nyundo iliyonifuata ikatua karibu na sikio.

Wenzangu, kwa huruma, wakanibeba mikono na miguu. Siwalaumu, hawakujua. Wewe ujue: aliyeanguka hainuliwi hovyo, uti wa mgongo ukiwa umevunjika utaumia zaidi. Mtulize kichwa na shingo, aiteni msaada.

Mwanangu, mkanda ambao kamba yake haijafungwa popote ni nguo kama nguo nyingine. Ifunge kabla mguu haujaacha ngazi. Ifunge juu ya kichwa panapowezekana, kwenye kitu cha kubeba uzito wa mtu anayeanguka, siyo kwenye papi, ule ubao mwembamba wa kupigilia bati, ulioshikwa na misumari miwili. Na kwa paa fupi kama lile langu, kamba ndefu isingenisaidia, ningefika chini kabla haijakaza. Hapo inatakiwa fupi, isiyokuruhusu kufika ukingoni wala kwenye plastiki. Plastiki ikizeeka kwa jua na kushika vumbi, hutaitofautisha na bati. Uliza zilipo kabla hujapanda, na utandike ubao wa kukanyagia.

Ngazi unaijua: kila mita 4 za kwenda juu, miguu yake itoke mita 1 ukutani, na kichwa chake kipite ukingo wa paa kwa mita 1. Ifungwe juu.

Msimamizi akikwambia panda hivyo hivyo, tunachelewa, shuka. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema anayejiondoa kwenye kazi akiwa na sababu ya kuamini ina hatari kubwa iliyo karibu kwa maisha au afya yake asiadhibiwe. Najua wapo watakaokufukuza hata hivyo. Ukifukuzwa kwa sababu hiyo, rudi nyumbani, sitakuuliza habari ya mshahara.

Jambo moja ulizie kesho: mtu akining'inia kwenye kamba, nani atamshusha, na kwa kutumia kifaa gani? Kuning'inia muda mrefu bila kusogea kunaweza kuua. Nijibu walivyosema.

Baba yako